Ukimpokea Mwingereza Ujiji: namna ya kumtembeza na kuzungumza naye habari za ukoloni

Nawaandikia vijana mnaoanza kutembeza wageni hapa Kigoma, hasa nyie mnaowasubiri stesheni, uwanja wa ndege na pale Kibirizi zinapoondokea boti za Gombe. Wageni wa mataifa yote tunawapokea kwa ukarimu ule ule. Lakini Mwingereza akifika Ujiji anafika mahali alipopasikia tangu yuko shule ya msingi. Anakuja na hadithi yake kichwani, na mara nyingi ana jambo moyoni: fahari kidogo, aibu kidogo, hajui aanze na lipi. Wewe nawe una hadithi yako, uliyopewa na bibi yako na mwalimu wako wa historia. Kazi yetu ni kuzikutanisha hizo mbili pale pale zilipotokea, bila kumbembeleza mgeni wala kumsimanga.

Nimeifanya kazi hii tangu wanangu wakiwa wadogo, nami sasa nina wajukuu. Haya ndiyo ninayowafundisha wanaofuatana nami.

Ujue kwanza ni mtu wa taifa gani

Usimuulize ametoka nchi gani. Muulize ametoka mji gani. Kile kisiwa cha Uingereza kina mataifa matatu, England, Scotland na Wales, na ng'ambo ya maji ipo Ireland ya Kaskazini, wote chini ya mfalme mmoja. Scotland iliungana na England mwaka 1707. Tangu 1999 Scotland ina bunge lake Edinburgh na Wales ina lake Cardiff. England haina bunge la peke yake. Mambo yake yanaamuliwa Westminster, kwenye bunge la London, pamoja na ya wote. Enzi za dola kubwa jambo hilo halikumsumbua mtu wa England, kwa sababu dola nzima aliiona yake. Siku hizi linamsumbua. Waskoti walipiga kura ya kujitenga mwaka 2014, na waliotaka kutoka wakashindwa. Mwaka 2016 ikaja kura ya kuondoka Umoja wa Ulaya. Scotland ikataka kubaki, England ikataka kuondoka, wakaondoka. Tangu hapo swali la wao ni nani hasa halijaisha vinywani mwao.

Hata bendera yao wana mashaka nayo. Bendera ya England ni msalaba mwekundu juu ya nguo nyeupe, wa Mtakatifu George, ambaye sikukuu yake ni tarehe 23 Aprili. Kwa miaka mingi waliojitokeza nayo kwa kelele walikuwa wahuni wa viwanjani na watu wanaochukia wageni. Familia za kawaida zilianza kuitundika tena madirishani wakati wa mashindano ya Ulaya yaliyochezwa kwao mwaka 1996, na mpaka leo wapo wanaoipenda na wapo wanaosita wakiiona kwa jirani. Kwa hiyo ukiona mgeni wako anajibu kwa kusuasua ukimwambia "nyie Waingereza mnajivunia nini?", usidhani anakudharau. Kwake ni swali zito kweli kweli.

Na hapa Ujiji hilo lina maana kubwa kuliko mahali pengine. Livingstone, yule mmisionari na msafiri ambaye Stanley alimkuta hapa Ujiji mwaka 1871, alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre mwaka 1813, aliyeanza kazi kwenye kiwanda cha pamba akiwa na miaka 10. Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akalelewa katika nyumba ya maskini, akaenda Marekani akabadili jina, na alipofika hapa kumtafuta Livingstone alikuwa ametumwa na gazeti la New York. Hao wawili ambao mgeni wa England amekuja kuwaona kama watu wa kwao, si wa England. Waliokuwa wa England ni wasafiri Burton na Speke, wazaliwa wa Devon wote wawili, waliofika hapa Februari 1858, miaka 13 kabla ya Stanley, na baadaye wakagombana vibaya juu ya chanzo cha Nile. Mwingine ni Cameron, afisa wa jeshi la maji kutoka Dorset, aliyefika Ujiji mwaka 1874. Mtu wa Glasgow ukimwita Mwingereza mbele ya jiwe la Livingstone umeshamkosea. Mtu wa England ukimweleza haya kwa upole, anashtuka kidogo, halafu anaanza kusikiliza.

Mpira ndio mlango

Ukiwa na mgeni siku ya Jumamosi, mpeleke Mwanga kwenye kibanda umiza mechi ya Ligi Kuu ya England inapoonyeshwa. Ataona vijana wa Kigoma wakibishana juu ya Arsenal na Manchester United kana kwamba klabu hizo ziko Katubuka. Hapo moyo unafunguka wenyewe.

Lakini usiishie kwenye klabu. Mpeleke kwenye timu ya taifa, maana ndimo ulimo moyo wa England. Walichukua Kombe la Dunia mwaka 1966 na wanaume wao hawajalichukua tena. Tarehe 11 Julai 2021 walifika fainali ya Ulaya nyumbani kwao Wembley dhidi ya Italia, wakashindwa kwa penalti. Waliokosa walikuwa Rashford, Sancho na Saka, vijana weusi watatu, wote wazaliwa wa England; Saka wazazi wake ni Wanijeria. Usiku ule walitukanwa kwa rangi yao. Huko Manchester picha ya Rashford iliyochorwa ukutani ikachafuliwa kwa maandishi, na kesho yake watu wa mtaa wakaja kuifunika yale matusi kwa barua, mioyo ya karatasi na bendera, mpaka ukuta haukuonekana. Muulize mgeni wako, "Usiku ule ulikuwa wapi?" Sijapata mgeni wa England aliyekosa la kusema. Na jibu lake litakuonyesha ni England ipi anayoipenda.

Na kwa sababu hiyo hiyo, mgeni mweusi au Mhindi akikuambia ametoka Birmingham, mwitikie kama ulivyomwitikia mzungu wa Birmingham. Usimuulize asili yake hasa ni wapi. Kwao swali hilo anaulizwa kila siku, na limemchosha. Akitaka atakuambia mwenyewe. Nimewahi kumpokea mwanamama wa Leicester, akaniambia tukiwa njiani kwamba babu yake alikuwa na duka Tabora na amekuja kutafuta mahali lilipokuwa. Alikuwa Mwingereza mwenye kaburi la ukoo wake Unyamwezini. Safari yake ilikuwa nzito kuliko ya watafuta picha wote wa msimu ule, na ningeiharibu kama ningeanza na maswali ya rangi.

Pale kwenye miembe

Fika Ujiji asubuhi, kabla jua halijawa kali. Usianzie kwenye jumba la makumbusho. Anzia ufukweni, mafundi wanapounda mitumbwi, mgeni asikie harufu ya dagaa na aone ng'ambo kule ni Kongo. Akishaelewa kwamba mji huu ulikuwa kivuko na soko, ndipo umpandishe kwenye jiwe la kumbukumbu. Akikutana na wazee barazani, mfundishe kusema shikamoo na umwache asubiri marahaba.

Kwenye jiwe atayasema yale maneno ambayo Stanley alisema aliyasema alipomkuta Livingstone, "Dr. Livingstone, I presume?" Mwache ayaseme, mpige picha. Mwembe wenyewe waliokutania chini yake ulikufa zamani, hii iliyopo ni uzao wake. Mwambie hivyo hivyo. Mwambie pia kwamba jiwe linataja tarehe 10 Novemba 1871, lakini hesabu za siku za Stanley na za Livingstone hazikupatana, kwa hiyo hata tarehe ina ubishi. Kisha muulize: "Unajua nani alimsalimu Stanley kabla ya Livingstone?"

Wengi hawajui. Alikuwa Susi. Stanley mwenyewe aliandika kwamba katika umati ule wa watu wa Ujiji mtu mmoja alimsalimu kwa Kiingereza, akasema yeye ni Susi, mtumishi wa Daktari, halafu akatimua mbio kwenda kumwambia bwana wake. Akatokea na Chuma. Hapo ndipo tuanzie sisi. Chuma alikuwa Myao aliyenasuliwa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, akiwa bado mtoto. Susi alitokea Shupanga, kwenye mto Zambezi.

Eleza taratibu walichokifanya, usikiharakishe. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika wakarudi makwao, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walimpasua, moyo wakauzika chini ya mti wa mpundu, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama wiki mbili, wakaufunga ndani ya gome la mti na kitambaa cha tanga, wakauning'iniza kwenye mti wa kubebea begani. Jacob Wainwright, mmoja wao aliyejua kuandika, alichonga maneno kwenye gamba la mpundu. Wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,600.

Walipofika Unyanyembe, pale Kwihara karibu na Tabora, walimkuta Cameron, yule afisa wa England. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo, njia ya mbele ina hatari. Wakakataa. Fikiri ukubwa wa neno hilo: afisa wa malkia anasema inatosha, na watu weusi waliobeba maiti begani wanamwambia haitoshi. Mbele ya safari, wenyeji walipokataa maiti kupita katika nchi yao, waliufunga mwili upya ufanane na mzigo wa kitambaa, wakapita. Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Huko pwani wengi wao walilipwa ujira wao na kuambiwa basi. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na mwili, na alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yameshapita.

Nimewaona wanaume wazima wa England wakivua kofia katika sehemu hii ya hadithi. Kwao kaburi lile ni mahali pa taifa, na wengi wamepita juu yake wakiwa wanafunzi bila kuambiwa vizuri nani aliyeuleta ule mwili.

Halafu lije suala la utumwa, maana lazima lije. Mgeni wako atasema, kwa haki yake, kwamba Uingereza ndiyo iliyokomesha. Mkubalie yaliyo kweli, na umkubalie kwa moyo mweupe. Julai 1871 huko Nyangwe, Manyema, ng'ambo ya ziwa katika Kongo ya leo, Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwamiminia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni, akakadiria waliokufa ni mamia. Alirudi hapa Ujiji amevunjika moyo, na habari aliyoiandika ilisaidia kuwaamsha watu kule hadi Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Mkumbushe na watu wa kawaida wa kwao: mwaka 1788 wakazi zaidi ya 10,000 wa Manchester walitia saini ombi la kukataza biashara ya watumwa, na miaka michache baadaye maelfu kwa maelfu ya familia, wanawake wakiwa mbele, waliacha kununua sukari iliyolimwa na watumwa. Hiyo ni fahari halali. Sioni sababu ya kumnyima.

Ukishampa hiyo, mpe na iliyobaki. Meli za kwao zilianza kubeba Waafrika na nahodha Hawkins mwaka 1562, na mpaka biashara ile inapigwa marufuku mwaka 1807 zilikuwa zimebeba zaidi ya watu milioni 3 kuvuka bahari. Sheria ya kufuta utumwa katika makoloni ilipopitishwa mwaka 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, zikaenda kwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Deni lililokopwa kwa ajili hiyo halikuisha kulipwa mpaka mwaka 2015, maana yake mgeni wako mwenye miaka 40 alichangia kwa kodi yake. Wengi hili hawalijui, na linawagusa kuliko hotuba yoyote, kwa sababu limetoka kwenye mshahara wao.

Sasa wadogo zangu, msikilize hapa. Mgeni akikutazama baada ya maneno hayo, usimwache adhani Ujiji ilikuwa inaonewa tu. Mji huu ulipitisha pembe na watu. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na wenzake hawakufanya kazi peke yao; waliokuwa na bunduki zao walikuwa wengi, na wengine ni mababu zetu. Mimi ni Mmanyema. Katika ukoo wetu yupo bibi aliyevushwa ziwa akiwa amefungwa, na yupo babu aliyekuja akiwa ameshika kamba ya wengine. Wote wawili wamezikwa Ujiji, na wote wawili nawaombea dua. Nalisema hili kabla mgeni hajaniuliza. Nisiposema, sina haki ya kumtaka aseme la kwake.

Stesheni na bandari

Baada ya chakula (mpe migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, na mboga iliyoungwa kwa mawese) mrudishe Kigoma mjini. Mgeni akiona jengo la stesheni atasema Waingereza walituachia reli. Mrekebishe: Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani, ikaanza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika hapa 1914. Waingereza walijenga tawi la Tabora kwenda Mwanza, likakamilika 1928. Na zote mbili zilijengwa kwa mikono ya Waafrika.

Kigoma yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji kuanzia 1916 hadi 1921, ndipo Waingereza wakaichukua. Meli ya Liemba ni kisa ambacho mgeni wa England hukifurahia: ilikuja vipande vipande kutoka Ujerumani, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha majini 1927. Kama anapenda vita atakusimulia habari za zile boti mbili ndogo za Waingereza, zilizoitwa "Mimi" na "Toutou", zilizoburutwa kupitia misitu ya Katanga kuja kupigania ziwa hili. Msikilize, ni kisa cha kweli. Halafu muulize nani waliozivuta. Watu wa England wanawaheshimu mno wafu wao wa vita. Kila Novemba wanavaa ua jekundu kifuani, na makaburi yao duniani kote yanafyekwa na kuandikwa majina. Basi mwambie kwamba mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kuwa waliokufa wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao Waafrika, pamoja na wapagazi wa vita vya huku kwetu, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na waziri wao wa ulinzi akaomba radhi bungeni. Mtu anayevaa lile ua kwa dhati atalielewa jambo hilo papo hapo.

Lakini jambo langu mimi pale stesheni ni manamba. Chini ya Waingereza kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na huku Buha na ziwani serikali haikuhimiza sana mazao ya biashara. Mkoa wetu uligeuzwa ghala la nguvukazi ya mkonge. Vijana walipakiwa kwenye treni hapa wakashushwa kuelekea mashamba ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo cha kuandikisha na kusafirisha wafanyakazi. Babu mzaa mama alikwenda kabla ya hapo, kwenye shamba ambalo sitalitaja. Kipande chake ninacho mimi. Ni kadi ya karatasi ngumu, pembe zimelika, ina vyumba vidogo vya siku, na kila siku aliyomaliza kazi imetiwa alama kwa wino uliogeuka rangi ya kutu. Siku 30 za kazi zikitimia ndipo mshahara. Siku ambayo hakumaliza idadi ya mafungu aliyopangiwa haikuhesabiwa. Kuna vyumba vitatu mfululizo vitupu. Mama alisema hizo ni siku alizougua homa.

Simpi mgeni kadi hiyo aishike mpaka tumekaa. Namwonyesha vile vyumba vitupu, namweleza, halafu nanyamaza. Kama wewe kwenu kuna kitu cha namna hiyo, kadi, beji ya Keya (jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), risiti ya kodi ya kichwa, kitunze, kwa sababu kitu kimoja cha nyumbani kinasema kuliko saa nzima ya maelezo. Lakini nawaonya: msikitumie kuombea bakshishi. Babu hakuumwa homa Tanga ili mimi nipewe dola 20. Siku mgeni akidhani unamuuzia machungu, yote uliyomwambia tangu asubuhi yanakuwa biashara.

Watakayokuambia

Yupo anayeomba msamaha kila hatua, hasa vijana wao wa vyuo. Ana nia njema, lakini msamaha wa mfululizo unakulazimisha wewe umbembeleze yeye. Mshukuru mara moja, halafu umpe kazi: muulize mji wake ulihusikaje. Hapa inakupasa ujiandae. Bristol na Liverpool zilitoa meli za watumwa. Manchester ilisokota pamba iliyochumwa na watumwa. Kule Bristol, Juni 2020, umati uliishusha sanamu ya Colston, mfanyabiashara ya watumwa, ukaitupa bandarini. Leo imewekwa makumbusho ikiwa imelala, na rangi waliyompaka bado ipo. Watu wa Bristol wenyewe hawakubaliani juu ya siku ile, na ukimuuliza mgeni wa huko yeye alikuwa upande gani, ataacha kuomba radhi na ataanza kufikiri.

Yupo anayetetea. Atasema walileta shule, sheria, maendeleo. Usipandishe sauti. Mpe ya kweli: ndiyo, shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1922, ikilenga watoto wa machifu, na Nyerere aliingia hapo 1937. Na mpango wao wa karanga uliofika Urambo baada ya vita uliteketeza mamilioni ya pauni ukatupwa 1951, kwa sababu wapangaji hawakuwauliza wakulima juu ya mvua na udongo. Atasema pia waliondoka kwa amani. Ni kweli hapakuwa na vita, lakini amani ile haikuwa zawadi yao. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kujadili uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walitaka kuususia. Nyerere aliwashawishi waingie, wakaingia, wakashinda, na mlango wa uhuru ukafunguka. Anayefika Tabora kwa treni mpeleke ajue mahali pa uamuzi ule.

Na yupo mzee ambaye baba yake alikuwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, wilayani huku. Huyu mpokee kwa uangalifu kuliko wote. Alizaliwa hapa, au alijifunza kutembea hapa, na yaya wake alikuwa mama wa mtu fulani tunayemjua. Anamkumbuka baba yake kama mtu mwema, na huenda alikuwa mwema. Usimlazimishe achague kati ya baba yake na historia. Mwulize baba alifanya kazi gani hasa: aliamua kesi, alikusanya kodi, alihamisha vijiji? Majibu yake ni hazina, kwa sababu hakuna aliyebaki huku wa kutueleza mambo yalivyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Wanaotoka Gombe watamtaja Jane Goodall, mtafiti wa sokwe. Hapo msiwe wachoyo. Alizaliwa London mwaka 1934, akafika Gombe Julai 1960 pamoja na mama yake, kwa kuwa wakuu wa wakati ule hawakumruhusu binti akae porini bila mwenzake. Bendera ikabadilika Desemba 1961, yeye akaendelea na kazi yake. Alipofariki Oktoba 2025 Kigoma tulimlilia. Mwambie mgeni wako kwamba Mwingereza huyo tunajivunia pamoja.

Kabla hajaondoka

Omba picha. Nyumba nyingi za Uingereza zina albamu za waliofanya kazi Tanganyika, zimo kabatini, na wajukuu wanazitupa wakihama. Humo kuna boma letu, soko la Ujiji, machifu, wapishi, matarishi, wasichana waliobeba maji. Hata serikali yao ilificha nyaraka za makoloni 37 pale Hanslope Park, kituo cha serikali huko England, na hazikujulikana mpaka mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya; sasa zimehamishiwa Kew, hifadhi ya nyaraka ya taifa pale London, ambako mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mgeni anayeishi karibu na London anaweza kukufungulia faili ambalo wewe huwezi kulifikia.

Mpe namba yako ya WhatsApp na umweleze unachotaka. Apige kila picha pande zote mbili, kwa sababu nyuma ndiko kulikoandikwa mwaka na mahali. Asikate pembeni ili kupendezesha, maana mtu wetu mara nyingi amesimama pembeni. Zikifika, usiziweke mtandaoni kwanza. Zichapishe, wapelekee wazee barazani baada ya swala ya alasiri, na uende na kalamu. Kila jina watakalolitaja liandike hapo hapo, pamoja na jina la aliyelitaja, halafu umtumie mgeni nakala ili naye aliandike kwenye albamu ya babu yake.